Fomu ya Mzee Anayeishi Peke Yake

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na mbili Agosti, saa nne asubuhi, pale binti wa mzee Kombo alipokaa mkekani na karatasi zake akamwita baba yake mteja.

"Mteja? Kwani nimenunua nini kwako?"

"Ndivyo tunavyofundishwa chuoni, baba. Ndiyo lugha ya ustawi wa jamii."

Mwalimu wake alitaka ahojiwe mzee anayeishi peke yake, na binti hakuwa na haja ya kutafuta mbali.

Kombo aliendelea kufua nazi. Tangu amzike mkewe, hapo kijijini Bweni waliomfuata uani ni kuku tu.

"Kwa siku unakula mara ngapi?" binti akasoma.

"Mara moja. Waandikie hao wakubwa wako. Siku ile mama yako anakata roho, gari lao la wagonjwa halina mafuta. Leo karatasi wanazo."

Binti akaandika, kichwa chini. "Mtu wa karibu anayekuangalia?"

Kombo akaiacha nazi imechomekwa kwenye kifuo, akasogea. Kusoma kwake kulikuwa kwa kuokoteza, lakini ile nafasi tupu aliiona. Ncha ya kalamu ilikuwa imetua juu yake haiendi, na nukta ya wino ikazidi kutanuka, ikawa kama punje ya mtama. Katikati ya daftari la binti ilichomoza tiketi yake ya boti ya kesho, ya kurudi chuoni.

"Hapo, mwanangu," akauliza taratibu, "unamwandika nani?"