Ukuta wa Mabati

“Wapigaji wanne wa timu moja ya besiboli, na kila mmoja kavusha ukuta mipira ishirini msimu huu! Mnawalisha nini hapa Baní?”

Msaka vipaji alicheka, akampa Eleuterio, mtunza uwanja, ncha ya tepu ya chuma ya kupimia, naye akabaki na kibweta chake pale wanaposimama wapigaji. “Kashike ukutani, mzee.”

Eleuterio akaufikia ukuta wa mabati. Yeye ndiye aliyeusogeza ndani futi kumi na tano kabla ya ligi kuanza, kwa amri ya bosi wa timu, ili mipira ivuke kirahisi. Na mmoja wa wale wanne ni mwanawe.

Akaiviringisha tepu mkononi, azifiche futi zile kumi na tano ngumini, tepu isome umbali wa zamani. Ukingo wa tepu ukamchana kiganja.

“Kaza, mzee!”

Akakaza. Damu ikatiririka hadi kwenye kiwiko.

Mkono mpana wa mwanawe, aliyemfuata hadi ukutani, ukamshika.

“Achia, baba. Nilishapima mwenyewe.”