Maiki ya Baba

Nimezima spika, nimevaa hedifoni, nasafisha sauti ya maiki ya baba peke yake. Ni albamu ya shoo ya bendi yao ya roki. Miaka arobaini ya makelele, na sasa wanaaga kwa mara ya tatu.

Kati ya nyimbo mbili namsikia akimnong'oneza mpiga dramu: "Likanyage hilo dramu kubwa, mzee mwenzangu. Sisikii kitu tangu mwaka jana, nafuata mapigo kwa nyayo. Mwanangu asijue, atanizuia."

Kesho anasaini mkataba wa shoo za kuaga mara ya nne.

Nageuka. Baba yuko nyuma yangu, anatikisa kichwa kwa mdundo akifuata mistari ya sauti kwenye skrini. Spika bado zimezimwa.

"Hapo umeua, mwanangu," anasema. "Tuiachie hivyo hivyo?"

Ananitazama midomo, anasubiri.