Chombo cha Mgeni

Kabla ya alfajiri, matone ya mwisho ya mvua yalikuwa yakidondoka kwenye ndoo, to, to. Bi Mwanahawa alitoka uani, akamwaga maji ya kipimamvua alichowekewa na mgeni wa kupima mvua, akakisuuza, akakifuta kwa kanga. Chombo cha mgeni hakiachwi kichafu.

Asubuhi akaja Tunu, mtaalamu wa hali ya hewa, pamoja na diwani aliyetaka watu wajenge bondeni. Kipimamvua kilikuwa kikavu.

"Mtabiri, mvua ya usiku umeinywa?" diwani akacheka. "Na hayo mafuriko unayotutishia?"

"Maji nimeyamwaga mimi, mwanangu," Bi Mwanahawa akamwambia Tunu. "Kila siku nakuoshea chombo chako."

"Basi vipimo vyako bure!"

"Vya uani hapa tu ndivyo bure," Tunu akajibu. "Kosa langu, sikumweleza bibi. Tunaanza upya."

Tunu akaushika mkono wa bibi kwa mikono miwili. "Ahsante kwa kunioshea."

Bi Mwanahawa, aliyekuwa akisema mvua haina mjuzi, alitazama wingu jeusi juu ya bonde.

"Uje tena, mwanangu. Chombo chako sikigusi, hata kikiota ukungu."