Kanda Iliyobaki Redioni

Saumu alipeleka gari kuukuu la mumewe kwa fundi Kitwana ili lifungwe redio mpya, inayopiga muziki kutoka kwenye simu. Alitaka kumfurahisha. Fundi alipoichokonoa redio ya zamani, ikatema kanda isiyo na jina.

"Tuisikilize kwanza, mama, nisije nikatupa kitu cha watu," alisema, akairudisha.

Sauti ya msichana ikajaa garini. Saumu akainama dirishani asikilize vizuri. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, kanda pekee aliyorekodi na kikundi cha taarabu kabla ya ndoa. Mumewe, Nassoro, alimwapia kwamba ameichoma moto, kwa kuwa mke wake haimbi mbele za watu. Naye hakuimba tena, hata jikoni.

Mara Nassoro mwenyewe, aliyesikia kwamba gari lake liko kwa fundi, akafika mbio, jasho likimtiririka. "Nani kakuruhusu kugusa redio yangu?"

"Kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa ukinisikiliza?" Saumu akamuuliza.

Nassoro akatazama chini. "Kila nikiwa peke yangu njiani. Hakuna anayeimba kama wewe, Mama Riziki."

Sifa hiyo ilimchoma kuliko tusi. "Mimi umenifanya bubu, kumbe sauti yangu unastarehe nayo peke yako!"

"Taratibu basi, watu wanasikia."

Saumu akafungua milango yote ya gari, akaongeza sauti mpaka mwisho. Wapita njia wakasimama. Nassoro akanyoosha mkono azime. Saumu akaudaka, akaubana kwa nguvu zake zote, na mdomo wake ukaanza kufunguka.