Duara la Buluu

Bwana afya alifunua mfuniko wa tangi la choo, akainama, akavuta hewa puani kama mtu anayenusa mchuzi.

"Limezibwa vizuri hili," alisema. "Likijaa mnafanyaje, mama?"

"Naita gari la kunyonya," alijibu mshonaji, mwenye nyumba. "Mimi si mtu wa kumwaga mtoni."

Alipaza sauti makusudi, ili jirani yake, Mama Bata, asikie.

Bwana afya alitabasamu. Akachovya brashi kwenye kopo, akachora duara la buluu ukutani, kando ya mlango. Mshonaji alilikodolea macho. Mtaa ule wa kando ya mto ulijua vizuri: rangi ya serikali ikishakaa ukutani, nyumba haina siku nyingi. Na nyumba ile aliijenga na marehemu mumewe, chumba baada ya chumba, kwa cherehani moja. Hakuwa na pengine pa kwenda.

"La nini hili, baba?"

"Ni mpango wa mto. Miti itapandwa kingo zote mbili, maji yasafike, watu wapate pa kupumzikia. Kesho asubuhi kuna mkutano uwanjani, mtaelezwa yote. Nikianza kueleza mlango kwa mlango sitamaliza."

Akahamia kwa Mama Bata. Mshonaji alichungulia. Bomba la choo la jirani yule lilikuwa limepasuka tangu mvua zilizopita, na kinyesi kilitambaa kama uji mzito hadi mtoni, ambako bata walichovya midomo na kutingisha mikia. Nzi walikuwa weusi juu ya vyombo vilivyoanikwa. Bwana afya alitema mate, akaziba mdomo, akaondoka mbio bila kuchora kitu.

"Umempa nini?" mshonaji aliuliza.

"Nimpe nini mimi, mwenzangu? Labda kapenda marashi yangu!" Mama Bata alicheka, akijipangusia mikono kwenye gauni. "Lakini pole, jirani. Wakija kubomoa, cherehani lete kwangu, nitakutunzia."

Mshonaji aliingia ndani, akabamiza mlango. Haki gani hii, msafi avunjiwe na mchafu abaki? Kabla ya kulala alisali. Aliiombea nyumba yake. Jirani hakumtaja.

Asubuhi mtaa mzima ulikwenda mkutanoni. Yeye alisema kichwa kinamgonga. Kichochoro kilipotulia alitoa mafuta ya taa na kitambaa, akasugua mpaka duara likatoka pamoja na plasta kidogo.

Angeishia hapo. Lakini jana, alipoikimbia harufu, bwana afya alikuwa ametupa kopo na brashi yake kando ya mtaro, na chini ya utando rangi ilikuwa bado mbichi. Mshonaji aliziba pua, akauvuka uchafu wa jirani kwa ncha za vidole vya miguu, akachora duara kando ya mlango wa Mama Bata. Lilitoka zuri kuliko lile la kwanza. Miaka yote alikuwa akikata shingo za magauni kwa jicho tu.

Alirudi kwake, akanawa kwa sabuni, akanawa tena, akamshukuru Mungu.

Jua lilipopanda, mngurumo wa mtambo wa kubomoa ukaanza kusikika kutoka barabara kubwa. Watu wakarudi kutoka mkutanoni, wengine wakikimbilia kutoa magodoro nje. Mama Bata alikuja nyuma ya wote, akijikokota, macho yamemvimba kwa kulia. Mshonaji alisimama mlangoni. Hakutaka kupitwa na sura ya mwanamke yule atakapouona ukuta wake.

Mama Bata aliuona. Alipiga yowe, akaanguka magotini katikati ya uchafu wake mwenyewe, akalikumbatia duara, akalibusu na kulibusu tena, mpaka midomo ikawa ya buluu.

"Jirani!" aliita, machozi yakimtiririka. "Wenye duara hawabomolewi! Tumebaki, jirani, mimi na wewe!"