Mgonjwa wa Kila Ijumaa

Mbarouk, fundi wa programu, aliwaonyesha wakuu wa hospitali mfumo mpya bila kuachia kipanya cha kompyuta. Alimtafuta mgonjwa aitwaye Zuhura, na picha ikatokea: mwanamke mwenye mtandio wa njano. Wakuu wakapiga makofi. Tunu, msimamizi wa mradi, hakupiga. Mbona kila Ijumaa ya maonyesho ni Zuhura tu?

"Nipishe, kaka, nami nijaribu."

"Lakini bosi, si kesho tunakabidhi?"

"Ndiyo maana. Kesho daktari atatoa dawa kwa kuuangalia huu. Nipishe."

Mbarouk aliinuka shingo upande. Kipanya kilikuwa kimelowa jasho. Tunu akaandika jina lake mwenyewe, akabonyeza.

Yule mwanamke wa mtandio wa njano akatokea tena, akimtabasamia.