Kinga ya Doto

Siku hizo watoto walizaliwa bila kinga. Ilibidi ndugu mmoja wa damu amwachie mtoto seli zake zote zinazopigana na maradhi, kisha aingie chumba cha nailoni maisha yake yote, maana hata mafua yangemmaliza.

Nyanzobe alijifungua mapacha. Kinga yake alimwachia Kulwa. Ndugu wengine walikwisha kutoa zao, kwa hiyo Doto alibakiwa na baba yake tu, Masanja.

"Wasukuma bwana, hata kuzaa mnazaa kwa jumla!" nesi Mzaramo alimtania Masanja, lakini macho hayakucheka.

"Usikubali," Nyanzobe alisema nyuma ya nailoni. "Nani atawabeba?"

"Nisipotoa, Mama Kulwa, tutamzika huyu."

Masanja akawapakata wote wawili mpaka mikono ikafa ganzi, kisha akamnyooshea nesi mkono.

Sasa nesi huja asubuhi na jioni kuwapa mapacha maziwa. Mchana Doto hulia mkekani kando ya Kulwa, katikati ya vyumba viwili vya nailoni.

"Nyamaza, baba yupo," Masanja humwambia, mdomo umegusa plastiki.

Mtoto hugeuka kumtafuta, halafu hulia zaidi.